Kioo na Dirisha: Kazi ya Rudine Sims Bishop juu ya Kusoma na Vitabu vya Watoto

Kati ya walimu wanaofundisha walimu wenzao, wachache hujulikana nje ya darasa lao. Tena wale wanaojulikana, mara nyingi hujulikana kwa neno moja tu, na mengine yote waliyoyaandika husahauliwa. Hayo ndiyo yaliyompata Bibi Rudine Sims Bishop wa Marekani. Mwaka 1990 alitoa makala fupi, kurasa chache tu, jina lake Mirrors, Windows, and Sliding Glass Doors. Humo alilinganisha vitabu vya watoto na vitu vitatu: kioo ambamo mtoto hujiona mwenyewe, dirisha ambalo kwalo huwaona wengine, na mlango wa kioo anaousukuma ili aingie kwa mawazo katika dunia ya hao wengine. Tangu hapo maneno hayo yamesambaa katika shule nyingi, nayo hurudiwa na watu ambao hawakusoma makala yenyewe wala vitabu vyake vingine.

Katika kurasa hizi twataka kupima kazi yake nzima. Twafikiri kwamba mfano wa kioo ni wa kweli, lakini ukitengwa na kazi iliyoutangulia na kazi iliyoufuata, wabaki nusu. Na nusu hiyo haitoshi kwa sisi tunaoshughulika na shule za misioni, vyumba vya vitabu vya parokia, na watoto wanaofundishwa kusoma Kiswahili na Kifaransa kwa wakati mmoja.

1. Njia aliyopita

Rudine Sims alizaliwa mwaka 1937 huko Pottsville, mji wa makaa ya mawe katika jimbo la Pennsylvania. Jina la Bishop, ambalo maana yake ni Askofu, ni jina la ukoo tu alilolichukua baadaye. Vitabu vyake vya kwanza vina jina la Rudine Sims. Alisoma ualimu huko West Chester, akafundisha watoto wa shule ya msingi, kisha akaendelea na masomo ya juu mpaka kupata udaktari katika Universite ya Wayne State, mjini Detroit. Alifundisha katika Universite ya Massachusetts, na tangu mwaka 1986 katika Universite ya Ohio State, mjini Columbus, mpaka alipostaafu mwaka 2002. Huko Columbus mwenzake Charlotte Huck alikuwa amekwisha kuweka msingi. Mwaka 1961 Bibi huyo alitoa kitabu kinene juu ya vitabu vya watoto katika shule za msingi, akawalazimisha wakubwa wa universite kukubali kwamba hadithi za watoto ni jambo la elimu ya kweli, wala si mchezo wa walezi.

Mwaka 2017 wasimamizi wa vyumba vya vitabu vya Marekani walimpa Bibi Bishop tuzo yenye majina ya Coretta Scott King na Virginia Hamilton, kwa ajili ya kazi ya maisha yake yote. Hayo yatosha juu ya heshima zake. Twende kwenye kazi yenyewe.

2. Mtoto anaposoma tofauti na maandishi

Watu husahau kwamba Bibi huyu hakuanza na hadithi. Alianza na swali kavu la mwalimu: mtoto anaposoma kwa sauti na kusema neno lisiloandikwa, ni jambo gani limetokea? Mwalimu wake huko Detroit, Kenneth Goodman, alikuwa akiwasikiliza watoto wakisoma, akiandika kila mahali walipoachana na maandishi. Goodman hakupenda kuita jambo hilo kosa. Kwake lilikuwa alama ya kazi inayofanyika ndani ya kichwa cha mtoto, na yeye mwenyewe aliliita dirisha la kuchungulia kazi hiyo. Wasomaji watambue kwamba neno dirisha lilikuwa tayari katika shule ile kabla ya mwaka 1990.

Rudine Sims alichukua njia hiyo akaenda nayo kwa watoto weusi, ambao Kiingereza chao cha nyumbani si kile cha vitabu. Aliwasikiliza wakisoma maandishi ya namna mbili: mengine katika usemi wa nyumbani kwao, mengine katika Kiingereza cha shule. Wakati ule walimu wengi walidhani kwamba usemi wa watoto hao ni ugonjwa unaowazuia kusoma. Mwaka 1973 Goodman alitangaza maoni mengine: kizuizi kikubwa ni mwalimu anayeukataa usemi wa mtoto.

Jambo hili latuhusu moja kwa moja. Tuchukue mtoto wa Lubumbashi. Kitabu chake kimeandika: "Mtoto anakuja." Yeye asoma: "Mutoto anakuya." Je, amekosa? Macho yake yameona kila herufi, akili yake imeshika maana yote, na kinywa chake kimesema kadiri kinywa cha mama yake kinavyosema. Amesoma vema. Lakini mwingine, anayekuta "Mtoto anakuja" na kusoma "Mtoto anakula", akaendelea mbele bila kushtuka, huyo ameachana na maana, ingawa matamshi yake ni safi kama ya mtu wa Zanzibar. Mwalimu asiyejua kutofautisha watoto hawa wawili atamkatiza yule wa kwanza mara kumi katika ukurasa mmoja, na yule wa pili atamwacha apite. Baada ya mwaka mmoja, yule wa kwanza atakuwa amejifunza kunyamaza.

Lakini hatuna budi kusema pia upande dhaifu wa shule ile. Goodman alifundisha kwamba msomaji mzuri hubahatisha sana kwa kufuata maana. Uchunguzi wa miaka iliyofuata haukukubaliana naye: wasomaji wazuri huona herufi karibu zote, na watoto wengi wanahitaji kufundishwa herufi na sauti waziwazi na kwa mpango. Katika Kiswahili hilo ni wazi zaidi, kwani lugha yetu huandikwa karibu kama inavyosikika, na mtoto anayejua ba, be, bi, bo, bu ameshika ufunguo wa nyumba nzima. Basi asije mwalimu akaacha kufundisha herufi eti kwa sababu ya Goodman. Twachukua kwake sehemu ile aliyoishika mwanafunzi wake: kuusikiliza usemi wa mtoto kwa heshima kabla ya kumhukumu.

3. Vitabu 150 katika mizani

Kazi ya pili ilitoka mwaka 1982, jina lake Shadow and Substance. Ili tuielewe, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1965 mwalimu mmoja mweupe, Nancy Larrick, alitoa makala iliyoshtua watu wengi. Alikuwa amehesabu vitabu vya watoto vilivyotolewa na wachapishaji 63 katika miaka 1962, 1963 na 1964. Jumla ilikuwa vitabu 5,206. Vile vyenye mtu mweusi hata mmoja, katika maneno au katika picha, vilikuwa 349 tu, yaani 6.7 kwa mia. Baada ya makala hiyo, na kwa ajili ya mapigano ya haki ya miaka ile, wachapishaji walianza kutoa vitabu vyenye watoto weusi.

Wengi waliridhika. Rudine Sims hakuridhika. Aliona kwamba kuhesabu nyuso ni mwanzo tu. Yapasa kuuliza nyuso hizo zafanya nini katika hadithi. Akakusanya vitabu 150 vya hadithi za maisha ya siku hizo, vilivyotoka kati ya miaka 1965 na 1979, akavisoma kimoja kimoja, akivigawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitabu vya kuamsha dhamiri. Humo mtoto mweusi huingia katika shule au mtaa wa weupe, fujo hutokea, na mwisho weupe hujifunza kuwa wema. Vitabu hivi viliandikwa kwa ajili ya msomaji mweupe. Mtoto mweusi yumo ndani, lakini kama shida inayotatuliwa na wengine.

Fungu la pili ni vitabu vya chungu kimoja, kama vile madini mbalimbali yanavyoyeyushwa pamoja. Humo watu wote ni sawa, isipokuwa rangi ya ngozi, na rangi yenyewe haitajwi. Mfano unaojulikana sana wa namna hii ni The Snowy Day cha Ezra Jack Keats. Kitabu hiki ni cha mwaka 1962, kwa hiyo kilitangulia vile 150, lakini chatusaidia kuelewa. Mtoto Peter acheza katika theluji; picha zamwonyesha kuwa mweusi, lakini maneno hayasemi hivyo hata mara moja. Kitabu ni kizuri, na kilipata tuzo kubwa ya Caldecott mwaka 1963. Hata hivyo, ukifumba macho na kusomewa maneno tu, huwezi kujua huyu ni mtoto wa nani, anakula nini kwao, wala bibi yake alimsimulia nini.

Fungu la tatu ni vitabu vyenye kuujua utamaduni kutoka ndani. Humo mambo huonekana kwa macho ya watu weusi wenyewe: usemi wao, ukoo wao mpana, wazee wao, nyimbo za kanisani, majina ya utani, dhihaka na huzuni. Rudine Sims aliona kwamba vingi vya vitabu hivi vimeandikwa na weusi. Akachagua waandishi watano ambao kazi yao alitaka itazamwe kwa karibu: Lucille Clifton, Eloise Greenfield, Virginia Hamilton, Sharon Bell Mathis na Walter Dean Myers. Virginia Hamilton ndiye mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Newbery, mwaka 1975.

Twasifu sana kazi hii, na sababu yetu ni moja: haitoi hukumu kwa jumla. Kila kitabu chapimwa kwa swali moja rahisi: nani anayesemwa naye hapa, na kwa macho ya nani? Padri au mwalimu yeyote aweza kuuliza swali hilo bila kwenda universite.

Pengine mtu atasema: mgawanyo huu ni mkali mno. Mtoto Peter wa theluji amewapa watoto weusi wengi furaha. Kwa nini kumweka katika fungu la pili? Twajibu: kugawa si kulaani. Kitabu cha fungu la pili chaweza kuwa kizuri kuliko kitabu kibaya cha fungu la tatu. Lakini shida yabaki mahali pengine: mgawanyo huu wategemea hukumu ya mtu anayeujua utamaduni ule kutoka ndani. Rudine Sims alikuwa mtu wa namna hiyo. Wafuasi wake si wote, nao wakati mwingine hutumia mafungu kama mihuri ya ofisi, wakipiga muhuri kitabu kabla ya kukisoma. Hilo ni jambo tunaloona hatari.

4. Kioo, dirisha, mlango

Sasa twaweza kusoma makala ya mwaka 1990 mahali pake. Baada ya kuwasikiliza watoto wakisoma, na baada ya kupima vitabu 150, mwandishi aliyafunga mafundisho yake katika mfano mfupi. Watoto ambao hawajioni kamwe katika vitabu, au hujiona wamepotoshwa na kuchekwa, hujifunza neno chungu juu ya thamani yao. Upande wa pili, watoto wa wakubwa wa nchi wamezungukwa na vioo pande zote. Nao pia wanadhurika, kwani hukua wakidhani kwamba dunia yote ni wao. Hao wanahitaji madirisha.

Upande huu wa pili husahauliwa mara nyingi, nao ndio unaoonyesha uzito wa mawazo yake. Hakudai vitabu kama sadaka kwa maskini. Alidai kwa ajili ya wote wawili, mweusi na mweupe, kila mmoja kwa ugonjwa wake.

Tena alitoa neno moja ambalo sisi wa Kiswahili twaweza kulielewa upesi kuliko wenzetu. Alisema kwamba mwanga ukiwa mzuri, dirisha laweza kugeuka kuwa kioo: ukitazama maisha ya mwingine, ghafula waona uso wako mwenyewe. Kwa Kiingereza kitu cha kujitazamia na kitu cha kuziba dirisha vina majina mawili. Kwetu vyote viwili ni kioo. Lugha yetu yakubali tangu mwanzo kwamba ni kitu kimoja, na kwamba tofauti yatoka kwa mwanga na mahali mtazamaji anaposimama.

Kwa hiyo twaweza kumjibu mtu anayesema: "Mimi nilisoma La Fontaine shuleni, nikafaidika, mbweha na kunguru hawana taifa." Ni kweli, mwanga ulikuwa mzuri siku ile, dirisha likawa kioo. Lakini nyumba yenye madirisha tu, bila kioo hata kimoja, si nyumba ya kulelea mtoto.

Twatoa mfano wa kitabu kimoja unaotugusa. Mwaka 1971 Muriel Feelings, Mmarekani mweusi aliyekuwa amefundisha Uganda, alitoa Moja Means One, kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili. Mwaka 1974 akaongeza Jambo Means Hello, kitabu cha alfabeti. Picha zilichorwa na Tom Feelings, nazo ni nzuri kwelikweli. Kwa mtoto mweusi wa Chicago, vitabu hivi vilikuwa kioo cha wazee wake wa zamani, hata kama wazee hao pengine hawakusema Kiswahili kamwe. Kwa mtoto wa Bukavu, mambo yageuka. Maneno ayajua: moja, mbili, tatu, na "Jambo" ndiyo salamu yake ya kila asubuhi. Lakini mlima wa hesabu ya moja ni Kilimanjaro, si Kahuzi, na maelezo yote ni kwa Kiingereza. Maneno ni kioo, picha ni dirisha, na maelezo ni mlango uliofungwa. Basi kitabu hakiwi kioo kwa asili yake. Chawa kioo mikononi mwa mtoto fulani.

5. Nani aliyetengeneza vioo?

Kazi ya tatu ilitoka mwaka 2007, naye amekwisha kustaafu: Free Within Ourselves, historia ya vitabu vya watoto weusi vilivyoandikwa na weusi wenyewe. Twafikiri hiki ndicho kitabu chake kikubwa kuliko vyote, nacho ndicho kinachosomwa kidogo.

Humo aonyesha kwamba watu weusi hawakungoja wachapishaji wakubwa waamke mwaka 1965. Zamani sana, magazeti ya makanisa ya weusi, kama The Christian Recorder la Kanisa la A.M.E., yalikuwa yakitoa maneno kwa ajili ya watoto. Mwaka 1890 Bibi Amelia Johnson alitoa hadithi ndefu kwa njia ya wachapishaji wa Kibaptisti. Kuanzia Januari 1920 mpaka Desemba 1921, W.E.B. Du Bois, pamoja na Jessie Fauset, alitoa gazeti la kila mwezi la watoto, The Brownies' Book. Lilikufa baada ya matoleo 24 kwa kukosa fedha, lakini mbegu ilibaki. Bibi Effie Lee Newsome aliendelea kuwaandikia watoto mashairi, na mwaka 1999 Bibi Bishop mwenyewe aliyakusanya katika kitabu kidogo, yasipotee.

Mwaka 2009 aliongeza kitabu kwa ajili ya watoto, juu ya maisha ya Askofu Daniel Payne wa Kanisa la A.M.E. Payne alizaliwa Charleston mwaka 1811, akafungua shule ya weusi mwaka 1829, akiwa kijana wa miaka 18. Mwaka 1834 baraza la South Carolina lilipiga sheria ya kukataza kuwafundisha watumwa kusoma, na shule yake ikafungwa. Baadaye alifanywa askofu, mwaka 1852, na mwaka 1863 akaongoza universite ya Wilberforce. Aliyezoea kutaja kioo na dirisha asome maisha hayo: kumbe kabla ya kuuliza watoto wasome nini, palikuwa na sheria ya kuwazuia wasisome kitu chochote.

Hapo twaona ukamilifu wa kazi yake. Sehemu ya kwanza yauliza: mtoto asomaje, na kwa usemi gani? Ya pili: kitabu chamwonaje? Ya tatu: nani aandikaye, naye alitoka wapi? Mfano wa kioo wajibu swali la pili peke yake. Mwaka 2018 wasimamizi wa kituo cha vitabu vya watoto katika Universite ya Wisconsin huko Madison walihesabu tena vitabu vya mwaka huo. Nusu yake, 50 kwa mia, vilikuwa na mtoto mweupe kama mtu mkuu. 27 kwa mia vilikuwa na wanyama au vitu. 10 kwa mia watu weusi. Na mataifa mengine yasiyo meupe yaligawana 13 kwa mia. Yaani dubu na sungura walipata nafasi zaidi kuliko watoto wote wasio weupe wakijumlishwa pamoja. Hesabu hiyo ilichorwa kwa picha ya watoto wakishika vioo, vingine vikubwa, vingine vimevunjika. Picha ilienea sana. Lakini yaonyesha nyuso tu. Haionyeshi usemi, wala haionyeshi kalamu.

6. Na sisi katika Kongo

Tutumie mizani hiyo kwa kitabu kilichoandikwa juu ya nchi yetu: Tintin au Congo cha Hergé. Kilitoka vipande vipande, mwaka 1930 na 1931, katika Le Petit Vingtième, kurasa za watoto za gazeti la Kikatoliki la Brussels, ambalo mkurugenzi wake alikuwa padri, Abbé Norbert Wallez. Yafaa mapadri tukumbuke jambo hilo bila kuligeuza.

Nani anayesemwa naye? Mtoto wa Ubelgiji. Kwa macho ya nani? Yake yeye. Kwake kitabu ni dirisha, lakini kioo cha dirisha hilo kimepinda: watu weusi ni wavivu, husema Kifaransa kilichovunjika, na mwishoni wasujudia sanamu za Tintin na mbwa wake. Kwa mtoto wa Kongo aliyekipokea baadaye, ni kioo kinachomcheka anayejitazama. Na yule wa Ubelgiji alidhurika pia, kama Bibi Bishop alivyosema: alijifunza kwamba kijana mmoja mweupe, pamoja na mbwa, ana akili kuliko taifa zima.

Mwaka 1946 Hergé alikitengeneza upya kwa rangi. Katika toleo la kwanza Tintin, akishika nafasi ya mwalimu katika shule ya misioni, awafundisha watoto weusi juu ya nchi yao, Ubelgiji. Katika toleo jipya, awafundisha hesabu. Neno limefutwa; sura za watoto zimebaki zilezile. Mtu anayehesabu maneno mabaya tu angefurahi. Mtu aliyesoma Shadow and Substance huona kwamba macho ya kitabu hayakubadilika. Mwaka 2007 Mkongomani mmoja aliwashtaki wachapishaji huko Ubelgiji. Mwaka 2012 mahakama ilimkatalia. Na huko Kinshasa mafundi huchonga sanamu za Tintin na kuziuza kwa wageni, kwa kicheko. Kila mtu na hukumu yake juu ya mafundi hao. Kwetu, kukipiga marufuku kitabu hiki si dawa. Dawa ni kwamba kisiwe kitabu cha pekee chenye Kongo ndani yake katika kabati la shule.

Lakini hapa ndipo mfano wa kioo hautoshi. Tuseme twapata kitabu kingine, chenye watoto wa Kongo wazuri, wamevaa vizuri, wana akili. Nacho ni cha Kifaransa kigumu, kimechapwa mbali, na mtoto wa Kalemie hawezi kukisoma mpaka afike darasa la sita. Uso wake umo, sauti yake haimo. Katiba ya mwaka 2006 yahesabu Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 yataka lugha za taifa au za mazingira zitumiwe katika kufundisha. Sheria yaweza kutoa ruhusa. Haiwezi kuandika hadithi.

Pengine mtu atauliza: Kiswahili gani? Cha vitabu, au cha mitaa ya Lubumbashi na Goma? Swali ni zito, nasi hatutaki kulimaliza kwa neno moja. Twaona hivi: mwandishi aandike Kiswahili safi kinachoeleweka pote, lakini watu wa hadithi waseme kama watu wa kwao wasemavyo; na mwalimu asimkatize mtoto anayesoma maandishi safi kwa kinywa cha nyumbani. Hapo kazi ya kwanza ya Rudine Sims, ile ya Detroit iliyosahauliwa, yatufaa kuliko mfano wake mashuhuri.

Kwa hiyo, waseminari na wakatekista wapenzi, mkipewa kazi ya kuchagua vitabu vya parokia au shule, twawashauri mwulize maswali matatu, kwa utaratibu huu. La kwanza: je, watoto wetu waweza kukisoma kwa sauti na kushika maana? Mjaribu na watoto watatu kabla ya kununua vitabu thelathini. La pili: je, mtu wa nchi hii akionekana humo, yupo kama mwenye nyumba, au kama shida ya mgeni? La tatu: katika kabati nzima, ni vingapi vilivyoandikwa na watu wa hapa? Mkikuta hakuna, jibu si kulalamika tu. Wazee wa mapori na mitaa yenu wana hadithi za sungura na chui, za njaa na vita, za safari za kwenda migodini. Kijana wa seminari anayejua kuandika aweza kuandika moja wakati wa likizo, kuisoma mbele ya watoto, na kuona mahali wanapochoka na mahali wanapocheka. Gazeti la Du Bois lilidumu miaka miwili tu. Daftari la kijiji laweza kudumu hivyo pia, na kufaa.